Shubiri Moja Juu ya Tangi

Ukimuuliza Jerusha ni nini kilichomtia mvi, hatakutajia ujane, wala jua la Lodwar, wala vumbi linaloingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Atakutajia mpira. Mpira wa maji, wa kijani, mnene kama mkono wa mtoto, uliokuwa Kakuma mwaka wa sabini na sita. Na akianza kuusema, tafuta pa kukaa, maana hatamaliza upesi.

Jerusha alikuwa na kibanda cha mafuta ya taa pale Lodwar, nyuma ya soko. Marehemu mumewe aliletwa huko na serikali, karani wa barabara, akafa, akamwachia mtoto mmoja na pipa moja. Shule yake iliishia darasa la sita, lakini yale aliyosoma aliyashika, na jambo asilolielewa aliliuliza mpaka anayeulizwa akatamani kuhama. Mtoto wake ni Josiah. Alipofika miaka ishirini na minne Josiah alipata kazi kwa kampuni ya ngozi, akapelekwa Kakuma kuendesha injini ya maji. Huko huko akaoa binti wa Kiturkana, Akiru, na sasa Akiru alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ndiyo sababu Ijumaa moja Jerusha alifunga kibanda, akapanda lori la kampuni kwenda kumtazama mkaza mwanawe. Dereva alikuwa Kipkemboi, mtu wa maneno mengi na breki chache. Nyuma ya lori mlikuwa na chumvi, magunia matupu, na mapipa manne meusi yenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili.

"Kipkemboi, hii ni nini unabeba nyuma yangu?"

"Dawa ya ngozi, Mama Josiah."

"Dawa gani ina picha ya maiti?"

"Ya kuua wadudu wanaotoboa ngozi. Aseniki. Unaichanganya na maji kwenye tangi, unazamisha ngozi, unaianika. Mdudu akionja tu, kwaheri. Jumatatu ndiyo wanaanza Kakuma, meneja mwenyewe anakuja kufungua."

"Na mtu akionja?"

Kipkemboi alibadilisha gia. "Sasa mtu ataonjaje, Mama Josiah? Mtu si dudu."

Jerusha aligeuka kuyatazama tena yale mapipa. Alimjua Kipkemboi. Ndiye aliyemharibia pipa zima la mafuta ya taa mwaka ule mwingine, na hilo tutalifikia.

Banda la ngozi lilijengwa kwenye ukingo wa Tarach, mto ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Kampuni ilichimba kisima pale ukingoni, ikaweka injini na pampu, na kwa kuwa ardhi ina wenyewe, ikakubaliana na wazee kwamba maji ya kisima yatakuwa ya banda na ya watu pia. Maji yalipanda kwa bomba moja la chuma. Juu, bomba liligawanyika. Upande mmoja ulikuwa mfereji wa watu, ambapo kina mama walipanga vyombo vyao tangu alfajiri. Upande wa pili ulishikamana na ule mpira wa kijani, uliokwenda hadi kwenye tangi la simenti, pale juu palipoinuka, ambamo ngozi zingezamishwa. Kwa juma zima walikuwa wakilijaribu tangi kwa maji matupu, waone kama linashika.

"Ejok, mama," Akiru alimpokea mlangoni, tumbo mbele.

"Ejok nooi, mwanangu. Nipe maji kwanza, habari zitafuata."

Alipewa bakuli, akanywa. Akapewa la pili, akanywa. Yalikuwa maji matamu, ya baridi, maji ya kisima cha kampuni. Hajalishusha bakuli la tatu akasikia kelele kutoka bandani.

Aliyekuwa akipiga kelele ni Lomenen, msimamizi, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya ya mbuni na viatu vya matairi. Aliyekuwa akipigiwa ni Longor, mlinzi.

"Jana tangi ilijaa mpaka hapa!" Lomenen alichapa ukuta kwa fimbo. "Leo iko hapa! Maji ilienda wapi? Iliota miguu?"

"Mimi sijui, mzee."

"Ngamia ya ndugu yako ndiyo inajua."

"Ndugu yangu hana ngamia hata moja!"

"Basi imepata sasa, kwa maji yangu!"

Jerusha alimvuta Josiah kando, akaambiwa mambo yote. Kila jioni tangi linajazwa. Kila asubuhi linakutwa limepungua shubiri mbili. Mwanzo walisema ni jua. Mtu mmoja akauliza jua gani la usiku. Wakasema basi ni ufa, wakapiga simenti. Likapungua. Wakapiga simenti mara ya pili, nene zaidi. Likapungua. Sasa wamebaki na Longor, na Jumatatu Longor angefukuzwa kazi.

Jerusha alipanda vidato, akachungulia tangini. Mpira ulikuwa umeingizwa ndani, umefungwa kwa kamba usitoke, na mdomo wake ulining'inia chini ya ukingo shubiri mbili. Maji yaliishia pale pale, yamegusa mdomo wa mpira kama midomo ya mtoto kwenye ziwa la mama.

"Hupungua mpaka wapi, siku zote?"

"Hapo hapo," alisema Lomenen. "Haipiti."

"Siku zote hapo hapo?"

"Hapo hapo, mama, nakuambia."

"Mwizi gani huyu anayeiba kwa kipimo?"

Lomenen alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Wakati huo Josiah alipita na debe la maji begani, akalimimina kwenye pampu, akarudi na la pili.

"Na wewe unafanya nini?"

"Naipa pampu maji, mama. Kila asubuhi lazima inywe madebe mawili ndipo ishike. Bomba linakutwa tupu."

"Limekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu valvu ya chini iishe. Ile inayokaa mwisho wa bomba, kule ndani ya kisima. Maji yakipanda inafunguka, yakitaka kurudi inajifunga. Mchanga umeila. Tumeagiza."

Hapo Jerusha aliugeukia tena mdomo wa mpira. Maana akilini aliliona lile pipa lake la mafuta ya taa.

Yeye huuza mafuta kwa mpira. Mpira mmoja ndani ya pipa, anavuta kwa mdomo, anatema, mafuta yanateremka kwenye chupa ya mteja. Siku ile Kipkemboi alileta debe lililokuwa na masalio ya mafuta machafu ya injini. Lilipojaa, badala ya kungoja mpira utolewe, yeye akalinyanyua akaliweka juu ya kaunta, mpira ungali ndani. Wakaanza kusalimiana, wakaulizana habari za Kitale. Walipogeuka, debe lilikuwa limepungua, na mafuta yote yaliyotoka yalikuwa yamerudi pipani, na uchafu wake. Mwezi mzima taa za Lodwar zilitoa moshi mweusi, na mwezi mzima watu walimtukana Jerusha.

"Josiah," alisema, "maji ya tangi yanarudi kisimani."

"Mama."

"Injini ikizimwa, maji ya bomba yanashuka, kwa kuwa hakuna cha kuyazuia. Yakishuka yanavuta ya mpira. Mpira umezama, unavuta ya tangi. Yanateremka mpaka mdomo wa mpira uachwe wazi, upate hewa. Ndiyo maana yanakoma hapo hapo kila siku. Jumatatu mtatia dawa humo. Jumanne mkeo atanywa nini?"

Josiah alitazama huku na huku. Wenzake walikuwa wakisikia, na mmoja alikwisha anza kucheka. "Mama, pale kwako ni mafuta ya taa. Hapa ni mitambo."

"Maji hayajui kama yako kwenye mtambo!"

"Tafadhali, mama. Usiniaibishe kazini."

Jerusha akamgeukia Lomenen. "Mzee, kwa nini huu mpira umezamishwa? Si mngeuacha juu, umwage kutoka juu?"

Hili Lomenen alilijibu kwa fahari. "Upepo, mama. Mpira ikikaa juu, upepo inachukua maji, inamwaga nje. Hapa kwetu mtu akimwaga maji mbele ya watu, mke wake mwenyewe ataficha uso. Mimi ndiye nilisema izamishwe, na nikafunga kamba kwa mkono yangu. Hakuna tone inapotea."

Tone halikupotea, ni kweli. Yote yalikwenda mahali. Jerusha alijaribu tena kueleza, akachora kwa kijiti mchangani, kisima hapa, tangi pale, mpira huu. Lomenen aliutazama mchoro muda mrefu, kisha akasema kwamba hata kama ni kweli, na hasemi si kweli, amri ya mtambo si yake. Ni ya meneja. Na meneja yuko Lodwar.

Lodwar! Alikotoka asubuhi ile ile!

Jumamosi akapanda lori lile lile kurudi. Njia nzima Kipkemboi alimwambia, "Lakini Mama Josiah, kile kisa cha debe ulishanisamehe," naye akamwambia, "Leo nimekurudishia kosa lako, utalibeba mpaka nimalize."

Ofisi ya kampuni ilikuwa na feni moja na meneja mmoja, Gitau, na vyote viwili vilikuwa vikizunguka. Wageni wa Jumatatu walikuwa wengi. Kulikuwa na mbuzi wa kutafutwa, viti vya kuazimwa, hotuba ya kupigwa chapa. Jerusha alikalishwa kwenye benchi kuanzia saa nne hadi saa saba.

"Ndiyo, mama. Kwa ufupi."

Akaeleza kwa ufupi. Gitau alisikiliza akiwa anaandika kitu kingine, kisha akafungua kabati, akatandaza karatasi kubwa ya samawati mezani.

"Unaona hapa? Valvu. Mtambo huu ulichorwa Nairobi na watu waliosomea. Kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi. Kwa hiyo unalolisema haliwezekani."

"Valvu imekwisha, mwanangu. Josiah anainywesha pampu kila siku."

"Imeagizwa."

"Basi ngojeni ifike ndipo mtie dawa."

"Mama, mchoro unaonyesha valvu."

"Mchoro hauko kisimani!"

Karani wa mlangoni alikohoa. Gitau alikunja karatasi yake taratibu. Hakuwa mtu mbaya, Jerusha mwenyewe anakiri hivyo mpaka leo, na kukiri huko ndiko kunakomuudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemjua na kujihadhari naye. "Kuna utaratibu," Gitau alisema. "Mfanyakazi akiwa na wasiwasi humwambia msimamizi, msimamizi huniandikia mimi. Kwa Kiingereza."

"Msimamizi amesema nije kwako."

"Basi akaniandikie kwamba amekutuma."

Jerusha alitoka nje, akasimama juani, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kila mtu alikuwa na sababu. Josiah ana aibu, Lomenen ana amri, Gitau ana karatasi. Tangi lina kamba. Ni kisima peke yake ambacho hakikuwa na mtetezi, na kutoka humo Akiru alikuwa akinywa bakuli nne kwa siku, yeye na aliye tumboni.

Akaenda dukani, akaomba buluu.

"Ya kufulia? Paketi ngapi, mama?"

"Zote ulizo nazo."

"Una mashati mangapi kwani?"

"Nina kampuni nzima ya kufua. Lete."

Jumapili, ibada ilipoisha, aliomba nafasi kwenye gari la misheni lililokuwa likipeleka unga Kakuma, akafika jua lingali juu. Alimkuta Josiah akijaza tangi kwa mara ya mwisho. Lomenen alikuwa amekwenda kuchagua mbuzi. Jerusha na Akiru wakapanda vidato pamoja, Akiru akipumua kwa shida, wakakaa ukingoni, wakaanza kupasua paketi na kumwaga unga wa buluu majini, huku Akiru akikoroga kwa mti. Tangi likageuka, likawa samawati iliyokolea, wao wenyewe wakashtuka.

Josiah akaja mbio. "Mama! Mnafanya nini?"

"Tunafua."

"Kesho Gitau anakuja na wageni! Mama, nitafukuzwa, unajua hilo? Nitafukuzwa kabla ya mtoto kuzaliwa!"

"Najua. Sikiliza sasa, wewe mtoto, halafu utakasirika nikimaliza. Buluu haiui mtu. Zima injini kama unavyoizima siku zote. Usiuguse mpira, uache ulivyofungwa. Nikiwa mjinga, kesho tangi litakuwa samawati, kisima kitakuwa cheupe, utamwambia Gitau mama yangu amezeeka vibaya, utalimwaga, yataisha. Nikiwa si mjinga..."

"Ukiwa si mjinga je?"

Akiru ndiye aliyemjibu. Alikuwa hajasema neno tangu aanze kukoroga. "Josiah, mimi ndiye nakunywa," alisema, "si wewe ambaye uko na chai ya kazini. Zima injini."

Josiah akazima injini. Katika kimya kile walisikia, mbali ndani ya mpira, sauti ndogo kama ya mtu anayemeza mate.

Jumatatu saa nne Landrova ya Gitau ilifika na wageni watano wenye suti. Wazee walikalishwa kwenye viti vya kuazima. Kina mama wamepanga vyombo mferejini, wameambiwa wangoje mpaka mkubwa anywe kwanza, na mbele yao wote ni Nakal, bibi kizee mwenye shanga hadi masikioni na ulimi usiojua foleni. Mapipa manne yamepangwa karibu na tangi, yamefunikwa turubai ili yasiharibu sura ya sherehe. Hakuna aliyekuwa amepanda vidato asubuhi ile ila Josiah, na Josiah aliposhuka alichungulia kisimani, akainuka uso umemsawijika.

Gitau alisoma hotuba. Maendeleo, soko la ngozi, maji safi kwa wananchi. Kisha akaashiria. Josiah akainywesha pampu debe la kwanza, debe la pili, injini ikashika, na Gitau mwenyewe akakinga glasi chini ya mfereji, akaiinua juu ili wote waone.

Ilikuwa samawati kama anga la asubuhi.

Kisha Nakal akapiga makofi. "Kampuni imetuletea maji ya kufua matumbo!" Kina mama wakaangua kicheko, wazee wakainuka kwenye viti.

"Nani ametia rangi kisimani?" Gitau alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyetia kisimani," Jerusha alijitokeza. "Nimetia kwenye tangi lako, jana, mimi na huyu mwenye mimba. Kisimani yamekwenda yenyewe kupitia mpira wako, usiku, na mchoro wako ukiwa kabatini. Leo ni buluu. Sasa funua lile turubai wageni waone ingekuwa nini."

Hakuna aliyelifunua. Lomenen alikuwa amekwisha panda vidato. Aliinama, akatia kidole penye mdomo wa mpira, maji yameishia pale pale, shubiri mbili. Aliposhuka hakumwendea Gitau wala Jerusha. Alimwendea Longor, akavua kofia yake, akasema maneno machache ya Kiturkana, na Longor akatazama chini, akaitikia.

Gitau aliiweka glasi mezani kwa uangalifu. Alikuwa ameelewa, na Jerusha aliona jinsi kuelewa kulivyomgeuza rangi. "Sawa," alisema. "Natoa agizo sasa hivi, mbele ya wote. Kuanzia leo mpira hauingii ndani ya tangi. Unakaa juu, shubiri moja. Lomenen, fungua kamba. Dawa itaendelea kama ilivyopangwa."

"Agizo!" Jerusha alishika kichwa. "Agizo litakaa siku ngapi?"

"Agizo ni agizo, mama."

Lomenen alifungua kamba, akauinua mpira juu ya tangi kama alivyoagizwa. Maji yakatoka kwa nguvu, na upepo wa Kakuma, ambao hausomi maagizo, ukayadaka, ukayarusha nje, yakamwagika juu ya mchanga mkavu, yakanywewa papo hapo.

"Ngakipi!" Nakal alilia, kama amekanyagwa. "Maji! Maji inamwagika!" Na kina mama wote wakalia naye, na wazee wakapiga fimbo chini, na mtu mmoja akamwita Lomenen jina ambalo halifai hapa. Na mkono mmoja ukaruka, ukaunyakua mpira, ukauzamisha tangini hadi kiwikoni.

Ulikuwa mkono wa Josiah.

Josiah alibaki amesimama vile vile, ameinamia tangi, anautazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Alikuwa ameiona glasi. Alikuwa ameyaona maji ya kisima asubuhi ile kabla ya mtu yeyote. Mkewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, mikono juu ya tumbo. Na bado mkono ulikwenda.

Jerusha akasogea karibu na Akiru.

Josiah aliuvuta mpira nje. Akaenda kwenye rafu ya visu vya kuchunia, akachukua kilicho kikali zaidi, akarudi, akaupima mpira kwa mkono wake, na kabla Gitau hajamaliza kusema "Wewe, hiyo ni mali ya—" akaukata. Kipande cha dhiraa mbili kikaanguka mchangani. Kilichobaki, hata ukikivuta kwa ng'ombe, hakifiki kwenye maji ya tangi.

"Sasa hata mimi siwezi," alisema.

Dawa haikutiwa siku ile. Wageni walikula mbuzi wakarudi, wakinywa soda tu. Gitau alituma mtu Kitale kwa valvu, na ile iliyokuwa ikisubiriwa miezi ikafika kwa siku tisa. Kisima kilichotwa mpaka buluu ikaisha. Lomenen, ambaye hakuweza kulala kwa sababu ya maji yanayopeperushwa, alikunja bati akatengeneza kama shingo pana juu ya tangi, maji yanaanguka ndani yake bila kuguswa na upepo, na kati ya mdomo wa mpira na maji pakabaki shubiri nzima yenye hewa. Josiah alipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni. Ilikuwa ya Kiingereza. Hakuna barua nyingine iliyoandikwa kuhusu jambo lile.

Akiru alijifungua msichana, mzima, mwenye sauti ya Nakal.

Unadhani yaliishia hapo. Jerusha naye alidhani. Miezi saba baadaye Kipkemboi alisimamisha lori mbele ya kibanda, akashuka na kitu amekishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyekamata nyoka mfu. Kilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kirefu, kimefungwa kwa waya upande mmoja.

"Josiah amesema nikuletee. Amesema nikuambie aliiona kabla ya kuwasha injini."

"Aliona nini? Ilikuwa wapi?"

"Kwenye mpira wa tangi. Mtu aliuunga usiku, ukafika ndani. Mfanyakazi mpya. Amesema ile shingo ya bati inavuja matone, ameona huruma."

"Ameona huruma!"

"Matone, Mama Josiah. Unajua watu wa kule na matone."

"Dawa ilikuwa ndani ya tangi?"

"Imejaa. Na valvu, anasema mchanga umeanza kuila tena."

Jerusha alikaa juu ya gunia. Akauzungusha mpira mikononi, akaona waya ulivyofungwa kwa ustadi, kwa moyo mwema kabisa. Kisha akainuka, akachukua msumari, akautundika ukutani juu ya pipa la mafuta ya taa, pale ambapo kila anayekuja na chupa lazima auone na auulize. Na kila anayeuliza huambiwa yote, tangu fuvu hadi buluu, hata kama ana haraka, hata kama jua linazama na nyumbani hawana taa.

Alipomaliza kugonga msumari alimgeukia Kipkemboi.

"Unarudi Kakuma lini?"

"Kesho asubuhi."

"Nipitie. Na tukifika, huyo mfanyakazi mpya mwambie asiende popote."